Babu, Mjukuu na Marimba

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, wala halimo katika habari za bei ya korosho au za mkutano wa kijiji, lakini twaona kwamba lina uzito wake katika kila nyumba yenye mzee na mtoto. Jambo lenyewe ni hili: mtoto atakaye kujifunza chombo cha muziki, na babu au bibi amsaidiaye. Twasema hasa na watu wa Mloka na wa vijiji vilivyo kandokando ya mto Rufiji. Lakini mtu wa Kibiti, wa Utete, ama wa mahali pengine popote, anaweza kusikiliza na kuchukua kimfaacho.

Kwa wale wasioijua Mloka, ni kijiji kilicho mbali na bahari, upande wa magharibi wa Kibiti, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambayo ilikatwa katika pori kubwa la Selous mwaka 2019. Juu zaidi ya mto, penye magenge, limejengwa bwawa kubwa la umeme la nguvu ya megawati 2,115. Basi Mloka ni mahali ambapo mambo ya kale na mambo mapya yanakutana mlango kwa mlango. Tembo hupita nyuma ya nyumba, na mbele ya nyumba hupita magari ya wageni waendao kumtazama tembo huyo huyo. Vitu vipya vyaja kwa haraka kuliko zamani, na vingi ni vyema. Lakini kitu kipya kijapo, hakuna mtu aambiwaye kukitupa cha kale. Mara nyingi cha kale hutupika chenyewe, kimya kimya, wala hapana mtu akumbukaye siku kilipotupwa. Ndivyo ilivyo kwa mazeze, marimba, filimbi na ngoma zilizokuwa zikining'inia katika nyumba za wazee wetu.

Swali ni hili: ni nani atakayemfundisha mtoto kupiga vyombo hivyo? Shule nyingi za vijijini hazina mwalimu wa muziki. Baba na mama wametoka alfajiri, huyu shambani, huyu mtoni au sokoni, na warudipo jioni wamechoka. Twaona jibu ni moja, tena limekaa barazani likisuka ukili au likipuna mpini wa jembe. Ni babu, na kama si babu, ni bibi.

Kila mtu wa Rufiji analijua dungu. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katika shamba la mpunga au la mahindi, ambamo watu hukaa kuamia ndege mchana, na kufukuza nguruwe na viboko usiku. Zamani, majira ya kilimo yalipofika, nyumba nzima ilihamia bondeni kwa miezi kadha wa kadha, na kazi ya kuamia waliachiwa hasa wazee na watoto, maana nguvu zao hazikutosha kwa jembe. Kazi hiyo inataka macho na sauti, lakini haiitaki mikono wakati wote. Mzee na mjukuu waliokaa pamoja hivyo tangu jua kuchomoza hata kuchwa walikuwa na mali ambayo matajiri wa mijini hawanayo, yaani wakati. Mikono iliyo huru na wakati ulio mwingi ndiyo shule ya kwanza ya muziki, popote duniani.

Hatusemi kwamba mtoto wa leo atolewe darasani ili apelekwe dunguni. La, hasha. Mahali pa mtoto ni shuleni, na usiku wa bondeni una hatari zake; nani asiyekumbuka kwamba kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliwaua watu wengi katika Rufiji yetu? Tunalosema ni kwamba saa za namna ile ya dunguni zaweza kupatikana hata leo: barazani baada ya alasiri, chini ya mwembe siku ya Jumamosi, au jikoni wakati chungu kinapotokota. Nusu saa yatosha.

Labda msikilizaji atauliza: kwa nini babu, asiwe baba? Jibu limo katika desturi zetu. Baba huamuru, na mtoto hutii. Mtoto akikosea mbele ya baba yake huona haya, au huogopa. Lakini kati ya babu na mjukuu kuna utani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na mtoto hujibu kwamba hataki mke asiye na meno. Wote wawili hucheka, na hapana aliyevunjiwa heshima. Babu humwambia mjukuu wake wa kike kwamba atamwoa akijua kupika, naye humwambia babu kwamba kwanza akanyoe ndevu. Utani huu si upuuzi. Ni mlango uliofunguliwa kwa makusudi na wahenga, ili mtoto awe na mtu mzima mmoja ambaye mbele yake aweza kukosea bila kuumia.

Tena, ajifunzaye chombo cha muziki hana budi kukosea mara nyingi mno. Mtoto ajifunzaye kusoma hukosea herufi, mwalimu akamsahihisha, na hakuna jirani aliyesikia. Lakini ajifunzaye marimba hukosea kwa sauti. Kila kosa lake lasikiwa na nyumba tatu. Atapiga chuma kisichopasa mara mia kabla hajapiga kile kipasacho. Kila mara akigombezwa, au akichekwa kwa dhihaka, atakiweka chombo chini wala hatakishika tena. Ndiyo maana anahitaji mtu ambaye kucheka kwake ni kwa mapenzi.

Sasa tuseme juu ya chombo chenyewe. Tumechagua marimba ya mikono, yale yapigwayo kwa vidole gumba, kwa sababu hayahitaji fedha nyingi, na kuyatengeneza ni sehemu ya kujifunza. Jirani zetu Wazaramo wanayajua, na Wagogo wa Dodoma wanayo makubwa wayaitayo ilimba. Mzee na mtoto waweza kuyatengeneza kwa vitu vilivyomo kijijini.

Kwanza hutakiwa kisanduku cha mti mwepesi uliokauka vizuri, maana mti mbichi hupasuka, na mti mzito huimeza sauti. Ubao wa juu uwe mwembamba, na katika kisanduku hicho hutobolewa tundu la kutolea sauti. Vyuma vya kupiga hupatikana kwa kuponda misumari mirefu, au spoku za baisikeli bovu, au njiti za mwavuli uliokwisha, mpaka ncha zake ziwe bapa. Juu ya ubao huwekwa vijiti viwili vya kuegemeza vyuma, na katikati yake hupita ufito wa chuma ukazwao kwa waya uliopitishwa katika matundu ya ubao. Ufito huo ndio ushikao vyuma vyote visiteleze.

Hapo ndipo mtoto ajifunzapo elimu yake ya kwanza, wala haijui kama ni elimu. Chuma kikitokezwa nje kiwe kirefu, sauti yake hushuka iwe nene; kikirudishwa ndani kiwe kifupi, sauti yake hupanda iwe nyembamba. Na kama sauti imezidi kidogo tu, hubandikwa chembe ya nta ya nyuki chini ya ncha yake, nayo hushuka, maana chuma kilichotiwa uzito hutikisika polepole zaidi. Mwanafunzi wa shule ya sekondari hufundishwa jambo hili katika somo la fizikia kwa maneno makubwa. Mtoto wa Mloka aweza kulijua kwa kidole chake kabla hajafika darasa la tano. Tena atajifunza kutunza: marimba yasiachwe penye umande, maana kutu huua sauti; na kama ni ngoma, ngozi yake huanikwa juani au huoteshwa moto kidogo, kwa kuwa unyevu huilegeza.

Basi marimba yakiwa tayari, mafundisho yafuate njia gani? Tutataja mambo machache, nayo tumeyapanga kwa utaratibu.

Jambo la kwanza ni kusikia kabla ya kupiga. Mtoto asipewe marimba mikononi akaambiwa "haya piga". Na auimbe wimbo kwanza, mpaka aweze kuuimba huku akitembea, huku akichota maji. Wimbo usiokaa kichwani hauwezi kukaa vidoleni.

Jambo la pili ni kuukata wimbo vipande vipande. Wimbo mzima ni kama tonge kubwa mno kwa kinywa kidogo. Achukue sauti nne au tano tu, kwa gumba moja, polepole, mpaka zitoke bila kufikiri. Kisha gumba la pili. Kisha yote mawili pamoja. Na penye ugumu ndipo parudiwe, si mwanzo wa wimbo kila mara. Watoto wengi hujua sana mwanzo, na mwisho hawaujui, kwa sababu kila wakikosea huanza upya.

Jambo la tatu ni kidogo kidogo kila siku. Robo saa au nusu saa kila siku ina faida kuliko saa tatu za siku moja kwa juma. Mtu hajifunzi wakati apigapo tu. Hujifunza hata alalapo, maana akili huyapanga yale yaliyoingia mchana. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la nne, nalo ndilo kazi kubwa ya mzee, ni kushika mwendo. Babu na apige makofi, au agonge kibuyu kwa kijiti, bila kubadili, wala asisimame mtoto akosapo. Mtoto aliyeanguka katika wimbo ataona wimbo ungali ukiendelea, naye atauparamia tena kama mtu aurukiaye mtumbwi unaoondoka. Hivyo atajifunza jambo ambalo wengi wetu hatujalijua mpaka leo, yaani kwamba kukosea si mwisho wa kazi.

Huko Buganda kuna chombo kiitwacho amadinda, marimba makubwa ya magogo 12 yaliyolazwa chini. Wapigaji wawili hukaa wakielekeana, na sauti ya huyu huingia katika nafasi iliyoachwa na sauti ya yule, kwa zamu na kwa kasi. Hakuna hata mmoja apigaye wimbo peke yake. Wimbo huzaliwa kati yao. Mpigaji wa tatu hugonga magogo mawili tu ya mwisho, akiitoa sauti iliyokuwa imejificha katika kazi ya wenzake. Tumetaja habari hii kwa sababu yatuonyesha kwamba katika muziki wetu wa Afrika, yuko daima mtu wa kufanya kazi iliyo nyepesi kwa mikono lakini iliyo kubwa kwa wimbo. Kazi kama hiyo yamfaa mzee ambaye vidole vyake vimeanza kutetemeka.

Labda sasa bibi mmoja huko Mloka anasema moyoni: "Mimi sijui kupiga chochote, maneno haya si yangu." Bibi yetu, maneno haya ni yako kuliko ya mwingine. Huenda hujashika marimba maisha yako yote, lakini unazijua nyimbo za kutwangia, za kubembelezea watoto na za arusi, nawe mtoto akikosa sauti moja unajua mara moja kwamba imekosewa. Sikio lako ndilo kitabu chake. Mwambie tu, "Mjukuu wangu, hapo sipo," halafu mwimbie pawe. Na hata usipojua wimbo wowote, kaa umsikilize. Mtoto apigaye peke yake huchoka upesi. Mtoto asikilizwaye huongeza mara moja, na tena mara moja.

Tukubali pia kwamba wako wanaopinga, na hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza ni mzazi asemaye: "Marimba hayajazi chungu. Mwaka huu mto ukipanda kama ulivyopanda Aprili 2024, ukachukua mashamba na nyumba za watu, tutakula wimbo?" Mzazi huyu ana haki ya kuuliza. Hatutamdanganya kwa kusema kwamba mtoto wake atakuwa tajiri kwa marimba. Wapigaji wengi hawakupata fedha, na wengine walikufa maskini. Wala hatudai kwamba apigaye marimba atawashinda wenzake katika hesabu. Tunasema hivi tu: mtoto aliyejua kukaa na jambo gumu kila siku, mpaka likawa jepesi, amepata tabia ambayo ataichukua shambani, darasani na kazini. Na mzee aliyepewa kazi ya kufundisha hakai tena barazani kama mzigo unaongoja kuchukuliwa.

Wa pili ni mwalimu mwenzetu, aogopaye kwamba muziki utakula wakati wa masomo. Twamjibu kwamba kila jambo lina saa yake. Kwanza kazi ya shule, kisha nusu saa ya marimba. Na katika juma la mitihani, nusu saa hiyo iwe robo, lakini isikatwe kabisa, maana njia isiyopitwa huota majani.

Wa tatu ni mtu wa dini. Wako wazee wenye heshima wasiopenda baadhi ya vyombo na baadhi ya ngoma, nasi hatukuja kubishana nao. Kila nyumba ifuate dhamiri yake. Upande wetu sisi tuliosoma katika shule za misheni, twajua kwamba misheni nyingi za zamani ziliwakataza Wakristo ngoma za kwao, zikawafundisha kuimba kwa kinanda. Tulipata faida ya kinanda, nasi twashukuru; lakini hasara ya zile ngoma haijalipwa mpaka leo. Yatosha kusema kwamba chombo hakina dhambi wala thawabu chenyewe, bali hufuata mkono na mahali. Mtoto afundishwe kunyamaza wakati wa sala, na penye msiba, na penye mgonjwa. Adabu hiyo nayo ni sehemu ya muziki.

Wa nne ni yule asemaye: "Huyu ni mtoto wa kike." Kwa huyu tuna habari ya kweli ya kumweleza, nayo yatuchukua mpaka Dodoma.

Alikuwako Mgogo mmoja, jina lake Hukwe Zawose, mtu wa nyumba ya wapigaji, bingwa wa ilimba na zeze, mwenye sauti iliyopanda na kushuka kama ndege juu ya kilima. Katika miaka ya 1960 Rais Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Alipiga katika nchi nyingi za ng'ambo, na sauti yake ikatiwa katika sahani huko Uingereza. Alifariki Desemba 2003. Watu wengi wangedhani kwamba huo ndio mwisho wa habari.

Lakini katika desturi ya Wagogo wa zamani, zeze na ilimba vilihesabiwa kuwa vyombo vya wanaume. Wanawake walikuwa na ngoma yao kubwa ya muheme, wakiishika katikati ya magoti, na kuipiga vizuri mno. Lakini katika kundi la ilimba walikaa nyuma na kuitikia. Basi baada ya kufa mzee, Pendo, ambaye ni bintiye, na Leah, ambaye ni mjukuu wake, walivishika vyombo hivyo wenyewe, wakatoka mbele. Mwaka 2024 walitoa sahani yao waliyoiita Maisha. Hivyo kile kilichokuwa cha babu kimekaa mikononi mwa mjukuu wa kike, wala hakikuharibika, kimeongezeka. Kama nyumba ile ingaliwazuia wasichana wake, leo tungalikuwa tunazungumza juu ya mtu mmoja aliyekufa, badala ya ukoo unaoishi.

Nayo Buganda yatufundisha upande wa pili. Kwa miaka mingi wapigaji wa Kabaka walirithishana kazi zao katika jumba la Mengo, mzee kwa kijana. Mwezi wa Mei 1966 jumba hilo lilishambuliwa na majeshi, Kabaka akakimbia, na wapigaji wakatawanyika. Kilichonusurika kilinusurika kwa sababu wazee wachache, na hasa Evaristo Muyinda, walikuwa wamekwisha kuwafundisha wengine, wenyeji na wageni, wakiwa wangali hai. Elimu iliyokuwa kwa mtu mmoja tu iliondoka naye.

Sisi watu wa Rufiji hatukushambuliwa na majeshi, lakini tumehama mara nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, watu wengi walitolewa mabondeni wakapelekwa vijiji vipya vya juu. Mtu ahamaye huchukua jembe, sufuria na mbegu. Zeze lenye uzi uliokatika huachwa nyuma ya mlango. Na leo vijana wetu wanahamia Dar es Salaam, nao huchukua simu na nguo. Hatuwalaumu. Lakini kama kijana hakubeba wimbo kichwani, hana cha kumrudisha nyumbani ila msiba.

Na liko jambo moja ambalo twafikiri watu wa Mloka watalielewa kuliko watu wa mijini. Katika mapori yetu na ya Kilwa hukua mti wa mpingo. Mti huo mweusi, mgumu kama chuma, hupelekwa Ulaya ukatengenezwa zumari ziitwazo klarineti na oboe, zipigwazo katika majumba makubwa ya muziki. Mtoto wa Ufaransa au Ujerumani aanzapo kujifunza chombo kilicho kizuri, huenda ameshika mkononi kipande cha pori letu. Lakini mpingo haukui upesi. Wataka yapata miaka 70, hata 100, kufikia unene wa kufaa. Hapana mtu aoteshaye mpingo ili aukate mwenyewe. Huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vililinda msitu wao kwa utaratibu, na mwaka 2009 vilipata hati ya kimataifa ya kuushuhudia utunzaji huo mwema. Mzee aulindaye mpingo humlindia mtu ambaye hajazaliwa. Vivyo hivyo mzee amfundishaye mtoto wimbo.

Wasikilizaji, tumesema mengi, na saa yetu inakwisha. Hatupendi mwondoke na maneno matupu, basi tutawapa kazi tatu ndogo za kufanya juma hili.

Kazi ya kwanza ni ya watoto, hasa ninyi wanafunzi. Mwendee babu yako au bibi yako, umwamkie kwa adabu, kisha umwulize: "Ulipokuwa kama mimi, ulisikia nyimbo gani, na nani alizipiga?" Usimkatize. Akisahau, mngoje. Andika jina la wimbo, jina la mpigaji, na mahali ulipopigwa, katika daftari isiyo ya shule.

Kazi ya pili ni ya vijana wenye simu. Simu yako inaweza kunasa sauti. Kabla ya kunasa ngoma za redio za nchi nyingine, inase sauti ya mzee wako akiimba, na umwombe aeleze maneno yake. Nasa mara mbili, na nakala moja umpe mtu mwingine aiweke, maana simu huanguka mtoni.

Kazi ya tatu ni yenu wazee wetu. Mjukuu akija na kipande cha mbao na misumari, msimwambie kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Na akipiga vibaya, vumilieni. Mtasikia wimbo mmoja ulioharibika kwa muda wa mwezi mzima, na labda mtatamani marimba yale yatupwe mtoni. Kisha jioni moja, nanyi mmekaa mkifikiri mambo mengine, wimbo ule utatoka mzima, wala yeye mwenyewe hatajua kwamba ameupata. Mmwambie, maana yeye hatausikia kama mnavyousikia ninyi.

Twawaaga, na Mungu awape afya wazee wa Rufiji, na masikio mema watoto wao. Kwa herini.